Chema chajiuza: kivumishi au kiwakilishi?

Mwalimu mmoja wa kidato cha kwanza kaniandikia hivi: "Shikamoo mzee. Mimi aina za maneno nazifundisha kwa methali na sentensi za riwaya, sitaki zile za kutunga. Juzi nimeandika ubaoni Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nikawaambia watoto chema hapo ni kiwakilishi. Mwenzangu kaja na kamusi kanionyesha kuwa -ema ni kivumishi, eti fasihi inawachanganya wanafunzi, nirudi kwenye sentensi rahisi. Nani yuko sahihi? Na neno kila nalo niliweke wapi?"

Marahaba mwalimu. Uko sahihi wewe, na usirudi huko. Hapo chema ni kiwakilishi, wanaopenda jina kamili wanakiita kiwakilishi cha sifa, kwa sababu nomino yenyewe haipo, kitu kimeachwa nje na chema ndo kimekalia kiti chake. Irudishe nomino useme kitu chema chajiuza, hapohapo chema kinakuwa kivumishi. Herufi ni tano zilezile, kilichobadilika ni jirani.

Sasa kwa kuwa umeuliza nitasema lililonikaa rohoni miaka mingi. Hii tabia ya kusema "neno fulani NI kivumishi", nukta, kana kwamba neno limezaliwa na kitambulisho shingoni, ndo inayoua somo la sarufi. Mwalimu anajaza ubao: vivumishi ni zuri, baya, ema, refu, fupi, watoto wanaimba kwa sauti, kesho wanaulizwa wanataja, anafurahi kwamba wameelewa. Hawajaelewa kitu! Wamekariri orodha ya maneno ambayo hayako kazini. Aina ya neno ni kazi linayofanya kwenye sentensi, na neno lisilo kwenye sentensi halina kazi, limekaa tu.

Mwezi uliopita mpwa wangu kaniletea daftari lake tuangalie. Zoezi linasema pigia mstari vivumishi, sentensi ya tatu ni Wema hauozi. Kapigia mstari wema, na mwalimu wake kaweka alama ya vema kwa wino mwekundu. Niliumia kweli. Nikamuuliza, mwanangu, kwa nini hiki ni kivumishi? Akajibu, "Kwa sababu ni sifa, mjomba." Basi hapo ndo penye ugonjwa wenyewe, kafundishwa kwamba kivumishi ni neno la sifa, kwa hiyo akiona uzuri, urefu, ukali, wema, vyote anavifagia kwenye kapu moja. Wema hapo ni nomino. Ndo unaotawala kitenzi, hauozi, na unaweza kuuongezea kivumishi chake wenyewe ukasema wema mwingi hauozi.

Tukakaa na hilo neno moja karibu saa nzima. Nikamwandikia watu wema hawasahauliki, akaona wema sasa uko nyuma ya watu unawapamba, kivumishi. Nikafuta watu, ikabaki wema hawasahauliki, akanyamaza kidogo halafu akasema, "Mjomba, hapa wema ndo hao watu." Kiwakilishi! Kakipata mwenyewe bila orodha. Kisha nikaweka wema hauozi na wema hawasahauliki sambamba, nikamwambia tafuta kinachozitofautisha, akakiona: hau- na hawa-. Yaani neno la mbele linafanana kabisa, kitenzi ndo kinakwambia ni nomino au ni kiwakilishi. Ukimwonyesha mtoto wa miaka kumi na tatu jambo kama hili macho yanamtoka, na hasahau. Mwisho nikamuuliza, ukifanya hesabu sawasawa unasemaje, akasema nimefanya vema, hicho ni kielezi. Na ile alama nyekundu kwenye daftari? Vema pia, na unaweza kusema nimepata vema kumi, kwa hiyo imekuwa nomino. Mzizi mmoja wa -ema umezunguka aina nne za maneno, na mwenzako anataka ufungiwe kwenye moja.

Kuhusu kamusi yake. Ni kweli Kamusi ya Kiswahili Sanifu tangu toleo la 1981 inaweka kv, yaani kivumishi, mbele ya maneno ya namna hiyo, sibishani nayo. Ila mwambie atazame vizuri kilichoandikwa: -ema, na kistari mwanzoni. Kile kistari kina maana, kinasema hili ni shina, bado linasubiri kiambishi. Kamusi haijakupa chema cha kwenye methali yako, imekupa malighafi. Kiswahili kivumishi chake kinavaa ki-, vi-, m-, wa- kama zinavyovaa nomino, ndo maana nomino ikiondoka kivumishi kinakaa pale pasipo shida yoyote, mpya, mrefu, mgonjwa, wote hao kila siku wanatembea peke yao.

Na hizi kapu zenyewe hazikushuka na mvua. Neno sarufi tumelipata kwa Waarabu, na wanasarufi wao waligawa maneno mafungu matatu tu, jina, kitenzi na vile vineno vidogo vya kuunganisha, sifa wakaiweka humohumo kwenye jina. Hata Wagiriki wa kale kwenye mafungu yao manane kivumishi hakikuwa na fungu lake. Sisi tumekipa chake, tukakiita kwa kazi yake ya kuvumisha, ni sawa, lakini basi tukiangalie kwa kazi hiyohiyo.

Sentensi rahisi anayoitaka mwenzako naijua, Juma anacheza mpira. Huyo Juma anacheza mpira tangu mimi niko darasa la nne! Nakubali kipindi cha kwanza itumike, mtoto aone nomino na kitenzi vinakaaje, sina ugomvi. Kipindi cha pili naikataa, maana ndani yake kila neno lina jibu moja la wazi na mtoto anaondoka anaamini lugha yote iko hivyo, akikutana na Cha mlevi huliwa na mgema hajui hata cha kinashikwa wapi. Na mtihani unampigia mstari neno ndani ya sentensi, haumpi orodha. Fasihi haimchanganyi, iliyomchanganya ni orodha.

Jambo moja la kuangalia tu mwalimu, mashairi yachelewe. Mshairi anabanwa na mizani nane kila kipande na vina juu yake, atakupindulia maneno, atasema mwema mtu, atafupisha na kurefusha, mtoto ambaye bado hajashika mpangilio wa kawaida atapotea. Anza na methali, ni fupi na wanazijua kutoka nyumbani, kisha mazungumzo ya kwenye riwaya na tamthiliya, mashairi muhula wa pili. Na kila mara swali liwe moja, neno hili hapa linafanya kazi gani, halafu waache wafute nomino na kuirudisha wenyewe.

Kila ni kivumishi, na ni katika vile vichache vinavyokataa kukaa nyuma ya nomino, hakuna anayesema mtu kila. Waandikie Kila ndege huruka na ubawa wake, chini yake Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kwenye kila watakubaliana haraka. Waulize wake na zake, kimoja ni kivumishi na kingine ni kiwakilishi, uwape dakika kumi wabishane kabla hujawaambia kipi ni kipi.