Funny Games: anza na ya 1997

Unauliza uanze na filamu ipi ya Funny Games, ya Austria ya 1997 au ya Marekani ya 2007? Anza na ya 1997, ndugu. Zote mbili kaziongoza Michael Haneke mwenyewe, na ya pili kairudia karibu picha kwa picha. Kilichobadilika zaidi ni lugha na waigizaji (Naomi Watts na Tim Roth, wako vizuri tu).

Kinachotisha mle ni adabu ya wauaji. Kijana kavaa glavu nyeupe, kasimama mlangoni anaomba mayai, eti katumwa na jirani. Anayaangusha. Anaomba mengine. Mara simu ya mwenye nyumba imetumbukia kwenye sinki lenye maji, na kijana anaomba radhi kwa upole kabisa. Anna, huyo mwenye nyumba, anachelewa kumfukuza kwa sababu mgeni hajatukana mtu, wewe huku unatamani umpigie kelele. Mauaji mengi huyaoni, unasikia sauti tu.

Kuna kipande cha rimoti ambacho wengi wamekilalamikia. Sikisemi. Mimi kilinikera kweli, ila filamu sikuizima. Watoto wakilala ndiyo uiweke.