Jibu: Kwa nini Johnson aliweza pale Kennedy alipokwama?

Ndugu, umeuliza kama ni kifo tu cha Rais Kennedy wa Marekani, aliyeuawa Novemba 1963, kilichomwezesha mrithi wake Johnson kuipitisha Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi. Msiba ule ulisaidia sana, lakini sikubali kwamba ulitosha.

Kizingiti kilikuwa Seneti, moja ya mabaraza mawili ya Bunge la Marekani. Maseneta wa majimbo ya Kusini waliopinga sheria hiyo, wakiongozwa na Richard Russell wa Georgia, walikuwa na mbinu ya kuhutubia bila kikomo ili kura isipigwe. Kufunga mjadala kulihitaji theluthi mbili, yaani kura 67. Na wapinzani hao walikuwa Wademokrati wengi wao, chama chake Johnson mwenyewe! Bila Warepublican hesabu haitimii. Johnson alilijua hilo vizuri, maana aliwahi kuwa kiongozi wa walio wengi katika Seneti hiyo hiyo, 1955 hadi 1961. Akamhimiza Hubert Humphrey, seneta Mdemokrati aliyeusimamia muswada huo, ambembeleze Everett Dirksen wa Illinois, kiongozi wa Warepublican katika Seneti, na sifa amwachie. Juni 10, 1964 mjadala ukafungwa kwa kura 71 dhidi ya 29. Kati ya hizo 71, kura 27 zilitoka kwa Warepublican. Johnson akatia saini Julai 2.

Ila tafadhali usiwasahau waandamanaji weusi wa Birmingham, Alabama, wakiwemo watoto wa shule, waliokabili mbwa wa polisi na mabomba ya maji ya zimamoto Mei 1963. Kennedy alitangaza muswada wake Juni, baada ya dunia nzima kuziona picha zile.