Punje za kitosani zinayeyuka zikioshwa

SWALI: Natengeneza punje za kitosani (polima itokanayo na maganda ya kamba na kaa) na oksaidi ya grafini (vipande vyembamba sana vya kaboni yenye oksijeni) za kunasa madini ya risasi majini. Zinafanya kazi mara moja tu; nikiziosha kwa asidi ili nizitumie tena, zinakuwa uteute. Nakosea wapi?

JIBU: Umeruka hatua ya kuunganisha minyororo ya kitosani ndani ya kila punje. Kitosani huyeyuka kwenye asidi, ndiyo maana mwanzoni uliiyeyusha kwa asidi ya asetiki ya asilimia 2. Ukishadondosha mchanganyiko kwenye sodiamu haidroksaidi (moli 1 kwa lita) na punje zikaganda, zisuuze mpaka pH ishuke karibu na 7, kisha ziloweke kwenye glutaraldehidi hafifu, kemikali inayounganisha minyororo hiyo. Ni sumu, kwa hiyo vaa glavu na ufanyie kazi kwenye kabati la kufyonza hewa. Usizidishe kipimo: glutaraldehidi hushika vikundi vya amino vilevile vinavyonasa risasi. Jaribu punje moja kwenye asidi. Iliyoungana vizuri hubaki mviringo.

Angalia pia pH ya maji unayopima. Tumia 5 hadi 5.5. Chini ya 3, ioni za haidrojeni huwahi nafasi za risasi. Ikipanda sana, risasi hutuama yenyewe nawe ukazisifu punje bure, kwa hiyo kila mara weka chupa ya ulinganisho isiyo na punje.

Asidi uliyooshea sasa imejaa risasi. Ihifadhi kama taka ya sumu, tafadhali usiimwage kwenye sinki.