Ruzuku ya zimamoto wa mtaani: mliyouliza

Swali: Shikamoo. Shemeji yangu yuko Marekani, anasema kule zimamoto wa kujitolea hupewa fedha na serikali. Sisi vijana wa Dunda, Bagamoyo, tuna ndoo tu. Tuombe wapi?

Jibu: Marahaba. Shemeji yako hakudanganyi. Tangu 2001 serikali kuu yao hutoa ruzuku kwa vikosi vya zimamoto, vya kujitolea vikiwemo, vikanunua mavazi, mitungi ya hewa, hata magari. Si bure kabisa: kikosi cha mji wa watu wasiozidi 20,000 huchangia asilimia 5. Huku kwetu kuzima moto ni kazi ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kwa sheria ya 2007, na bajeti yake hupitia Wizara ya Mambo ya Ndani. Nyinyi bisheni hodi Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009 kwa ajili ya miradi inayoibuliwa na wananchi. Mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge. Ombi lianzie serikali ya mtaa, lipande kata. Na andikeni kitu cha kushikika: "tangi la lita 5,000 na mpira wa mita 50 nyuma ya soko la samaki". Mkiandika "kuwezesha kikundi", karatasi itafungiwa maandazi.

Swali: Na ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa vikundi?

Jibu: Ule ni mkopo: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Hauna riba, ila unarejeshwa. Kuzima moto hakuingizi senti, marejesho mtayatoa wapi?

Swali: Karai la mafuta liliwaka kwa wakaanga samaki, kijana akalimwagia maji. Alikosea?

Jibu: Alikosea, na nyusi zake zimeshamwambia. Maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke ghafla, na mafuta huruka yakiwa yanawaka. Funika kwa sinia la bati, vuta kuni, acha lipoe palepale, usilibebe. Mchanga, ambao pwani hatuununui, ni wa mafuta yaliyomwagika chini. Jirani mwenye paa la makuti aweke upondo wenye kulabu: paa likishika, yang'oeni makuti ambayo moto haujayafikia.

Swali: Namba ya zimamoto?

Jibu: 114. Anayepiga ataje soko au msikiti ulio karibu. Akisema "kwa Mzee fulani", huyo Mzee mnamjua nyinyi tu.