Kwa wadogo zangu mnaoanza kupiga chuma

Wadogo zangu, nawapenda, ila mnanichosha. Mnakuja na mzuka, glovu mpya mkononi, siku sita kwa wiki, kifua kila siku. Wiki ya tatu hampo. Nikikutana nanyi njiani mnahamia upande wa pili wa barabara, utadhani nawadai. Sasa kabla kundi hili nalo halijapotea, yasikieni haya.

1. Mzuka ni wa kuanzia tu. Ukiusubiri ndipo uende, utaenda mara mbili kwa mwezi. Chagua siku tatu, saa ileile, na siku usiyo na hamu nenda hivyohivyo, piga zoezi moja kubwa, rudi nyumbani. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu waliokuwa wanajizoesha tabia mpya, wakakuta inachukua wastani wa siku 66 mpaka jambo lianze kujiendea lenyewe. Wepesi walimaliza kwa siku 18, wazito walikadiriwa kuhitaji 254. Na kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo ukikosa Jumatatu, njoo Jumatano. Habari za "nitaanza upya mwezi ujao" sizitaki. Mwezi ujao una nini?

2. Anza na chuma kitupu. Hakuna aibu hapo: chuma cha wanaume kwenye mashindano ya Olimpiki kina kilo 20 kabla hujakiwekea sahani ya uzito hata moja, na cha wanawake kina 15. Wiki za mwanzo utaongeza uzito karibu kila ukija, na utajiona simba, kumbe misuli bado haijajaa. Ni mishipa ya fahamu ndiyo inajifunza kuiamrisha misuli uliyokuwa nayo siku zote. Misuli hufuata baadaye, na kano zinazoishikilia kwenye mifupa huchelewa zaidi. Hapo katikati, nguvu imeshatangulia na kano hazijafika, ndipo viwiko na mabega yenu yanapoanza kulia.

3. Ukirudi baada ya kupotea, rudi mdogo. Hapa nisikilizeni vizuri, maana juzi nimemwona mmoja wenu akilifanya hili hili, nikaumwa mgongo mimi niliyekuwa nimekaa.

Kazi iliwahi kunibana nikakaa nje ya jimu miezi kadhaa. Siku niliyorudi nikamkuta kijana niliyemfundisha mwenyewe kushika chuma anavuta kilo 140 kutoka sakafuni, uzito uliokuwa wangu. Akaniuliza kwa adabu zote, "Kaka, nikupunguzie?" Nikamwambia acha hivyohivyo. Sikupasha mwili moto. Nilizungusha mikono hewani kidogo, ile ya kuonekana.

Ya kwanza ilipanda. Ya pili chuma kikaniacha, kikaning'inia mbali na miundi, na kwenye kioo nikaona nyonga zimetangulia kupanda, mabega yako chini, mgongo umepinda kule mwishoni kabisa. Yaani kila kitu ninachowafokea nyie. Ningeweza kukiachia, sakafu ya pale imewekwa mpira kwa kazi hiyo. Lakini watu walikuwa wanatazama, nikaenda na ya tatu. Joto likapita upande wa kushoto, juu kidogo ya kiuno, na miguu ikaniishia nguvu. Nikashusha, nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilizifunga muda mrefu sana, kwa sababu sikuweza kunyanyuka.

Mngedhani nilijifunza. Nilimeza dawa za maumivu, nikanunua mkanda, na siku chache baadaye nikarudi kujaribu uzito uleule. Mkanda unalipatia tumbo kitu cha kusukumia unapobana pumzi, basi, hautibu mgongo. Safari hiyo hata kuvaa soksi ikawa shida kwa wiki nzima. Ndipo nikaenda kwa mtu wa tiba ya viungo, akanipima, akaniambia misuli imechanika kidogo, nitembee, nianze upya na uzito wa kitoto. Nikaona aibu hata kwenda jimu saa za watu. Nilikuwa naenda mchana kweupe, saa ambayo wasafishaji wanapiga deki, navuta chuma kitupu huku nikiwaambia marafiki eti niko bize.

Ninachojutia ni hiki: nguvu iliyopotea hurudi upesi kuliko ilivyojengwa mara ya kwanza. Ningeanza chini siku ile, kilo 140 zingenirudia bila hata kuugua. Na ratiba niliyopewa haikuwa ngeni. Miaka ya 1940 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alikuwa akiwatibu askari kwa vyuma, akiongeza mzigo kidogo kidogo. Utaratibu aliokuja kuufundisha ulikuwa seti tatu, yaani mizunguko mitatu, ya marudio kumi: ya kwanza nusu ya uzito unaoweza kuunyanyua mara kumi, ya pili robo tatu, ya tatu uzito kamili. Mtu aliyetoka vitani anakubali kuanza na nusu. Mimi nimetoka ofisini, nikakataa kupunguziwa.

Siku zote nilijisifu nina nidhamu, kwa sababu nilijua kusukuma. Kutoa sahani mbele za watu sikujua. Mpaka leo naona hilo la pili ndilo gumu.

4. Andika. Tarehe, zoezi, uzito, seti, marudio. Kichwa chako kinadanganya, tena kwa faida yako.

5. Lala. Protini gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku inawatosha wengi. Hayo makopo ya unga wa protini mtayanunua mkishaweza kulala saa saba mfululizo.

6. Misuli kuuma siku ya pili baada ya mazoezi ni kawaida, hupoa yenyewe. Kiungo kinachochoma katikati ya seti si kawaida, acha. Na ukiona mkojo umekuwa wa kahawia iliyokolea baada ya kujiua na mazoezi, nenda hospitali siku hiyohiyo, usiniulize mimi kwa simu.

7. Miguu. Sitaki kueleza. Kuna mmoja hapa juu ni baunsa, chini ni mwanafunzi wa shule ya msingi, na kila nikimtajia skwati, kuchuchumaa na chuma mabegani, goti linaanza kumuuma.

8. Ukimaliza, rudisha sahani mahali pake. Uliyeacha kilo 25 nne kwenye mashine ya kusukumia miguu jana jioni, nimeshakujua kwa soksi. Bado zipo. Njoo uzitoe.