Usijumlishe kilo, uliza bei ya kete

Futa hilo jedwali kabla hujafika mbali. Unataka kupima kama vita ya dawa za kulevya Mwanza inafanikiwa kwa kujumlisha waliokamatwa na kilo zilizonaswa, halafu unauliza na namna ya kupata kibali cha kuhoji watu. Kibali kisubiri.

Nilifanya hivyohivyo nikiandika ripoti ya kikundi cha vijana Igogo, kilichokuwa na chumba cha ushauri kwa waraibu. Kilo zilikuwa zimepanda sana, nikaandika "mafanikio makubwa". Sikuangalia ni kilo za nini. Karibu zote mirungi! Kenya mirungi ni biashara halali, kwetu ni haramu, kwa hiyo inavushwa mpakani Sirari kwa mafurushi. Gari moja likinaswa linafunika heroini yote uliyoandika, na heroini inauzwa kwa kete, kipakiti cha nailoni unachoweza kukificha kati ya vidole viwili.

Mfadhili akasoma, akaona tatizo limekwisha, akapeleka hela kwingine. Chumba kikafungwa. Kijana aliyekuwa akisindikizwa kila asubuhi kunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, akakosa wa kumsindikiza, akarudi kwenye unga, yaani heroini. Mama yake anauza dagaa soko la Mwaloni. Aliniuliza huku anapepeta, bila kuinua macho: "Mwanangu, mmeandika unga umekwisha. Mbona kete haijapanda hata mia?"

Yule mtaalamu aliyetufundisha kwamba takwimu za ukamataji hazidanganyi, bado nina hasira naye. Polisi wakiongeza doria, wanaokamatwa wanaongezeka. Unga ukiongezeka mtaani, wanaongezeka vilevile. Namba moja, habari mbili zinazopingana, na yeye alilipwa kutufundisha hivyo!

Sisemi hakuna kazi inayofanyika. Sheria ya 2015 ilituletea Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na takwimu zake zinatangazwa. Zisome, ila kila dawa peke yake.

Halafu uliza bei ya kete kabla ya operesheni na baada yake. Uliza pia mtu anatumia ngapi kwa siku, maana muuzaji huacha bei palepale akapunguza unga au akauchanganya, na hapo unga umepanda bei bila mtu kutamka. Uliza inachukua muda gani kuipata. Kama ni bei ileile, ukali uleule, dakika zilezile, mzigo haujaguswa, hata mahabusu ikijaa.

Majina ya wauzaji usiulize kabisa. Anza na wanaosubiri dozi ya methadoni asubuhi, bei ya jana wanaijua.