Tochi ya kulindia mpunga usiku: anza kukagua betri

Mkuu, umeuliza kati ya tochi mbili ulizoonyeshwa Kariakoo uchukue ipi kwa ajili ya kulinda mpunga huko Ifakara: ile iliyoandikwa lumeni 100,000 yenye kichwa cha kuvuta, au ile ya lumeni 2,000 ambayo bei yake ni karibu mara tatu. Ukauliza pia kama betri ya 9900 mAh (mAh ni kipimo cha ujazo wa chaji) inafaa. Na mimi nalima huku bondeni, usiku nalala dunguni msimu ukifika, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu kidogo.

Chukua ya lumeni 2,000. Ila kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji aifungue uione betri. Tochi za siku hizi taa yake ni nzuri hata kwa zile za bei ya kawaida. Kinachoziua ni betri.

Hizo betri zinaitwa 18650, na namba yenyewe ni vipimo: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Kuna kubwa yake, 21700, yaani milimita 21 kwa 70. Sasa kwenye umbo la 18650 ujazo una mwisho wake. Samsung wana 35E, LG wana MJ1, zote ni 3,500 mAh, na Panasonic wana ile ya 3,400. Wenye viwanda vya maana wanaishia hapo hapo au wanapita kidogo sana. Mtu asiye na jina ametoa wapi 9,900? Hiyo ni namba ya kwenye karatasi tu. Ukitaka kuhakikisha, pita kwa sonara akupimie kwenye mizani yake: 18650 nzima ina gramu 45 hadi 49 hivi. Niliwahi kupasua moja ya hizo "9900" iliyokufa mapema. Chini ya ganda la bati kulikuwa na kibetri chembamba kama kidole kidogo, na nafasi yote iliyobaki imejazwa unga mweupe.

Ujazo peke yake hautoshi lakini. Tochi ya lumeni 2,000 inakula kama wati 20 ikiwashwa mwisho, na betri moja ya volti 3.6 inatakiwa isukume ampia 5 hadi 6 bila kuchoka. Ndiyo maana betri za kutolewa kwenye laptop mbovu, zile mafundi wanauza kwa bei chee, zinawasha vizuri tochi ndogo lakini ukiziweka kwenye kubwa mwanga unashuka hapo hapo, volti inaanguka. Tafuta iliyoandikwa ampia 10 kwenda juu. MJ1 ni 10. Samsung 30Q na Murata VTC6 ni 3,000 mAh lakini zinatoa ampia 15. Kwa 21700, Molicel P42A ya 4,200 mAh ni ya nguvu kupita mahitaji yako, na Samsung 50E ya 5,000 mAh inatosha kabisa kwa mtu anayetaka ikae na chaji usiku kucha. Hizi nazo zina bandia zake, kwa hiyo ile safari ya kwa sonara ifanye hata kwa betri yenye jina kubwa.

Tukija kwenye lumeni. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka, haikuambii unafika wapi. Kwa shamba angalia kandela, yaani ukali wa mwanga unaoelekea mbele. Chukua mzizi wa pili wa kandela, zidisha kwa 2, unapata mita ambazo mwanga utafika ukiwa umebaki hafifu kama wa mbalamwezi. Tochi ya kandela 10,000 ni mita 200, ya 40,000 ni mita 400. Hesabu hiyo ni ya maabara. Kwa kumtambua mnyama kwa uhakika, gawa kwa mbili.

Na hapa kuna jambo wengi hawalijui kuhusu nguruwe pori. Ukimulika swala au paka, macho yanakurudishia mwanga, unamwona hata akiwa mbali. Nguruwe hana ile ngozi ya kuakisi ndani ya jicho. Unaweza kumpitishia mwanga usoni usione kitu. Unachotafuta ni mgongo mweusi na mpunga unaotikisika wakati upepo haupo, na kwa hilo rangi ya mwanga ni muhimu kuliko ukali. Mwanga wa bluu-bluu wa kelvin 6,500 (kelvin ni kipimo cha rangi ya mwanga) unageuza kila kitu kuwa kijivu. Mimi natumia wa kelvin 5,000, majani yanaonekana majani na tope linaonekana tope. Hata nyoka kwenye tuta utamwona mapema.

Hiyo ya lumeni 100,000 achana nayo. Ukiambiwa ina LED ya "XHP360", jua Cree, kampuni ya LED yenye majina ya XHP, hawajawahi kutengeneza kitu hicho. Wana XHP35, 50 na 70. Kichwa cha kuvuta nacho kila ukikivuta kinanyonya hewa, vumbi na unyevu ndani. Nunua yenye kichwa kisichosogea na iliyoandikwa IPX8, yaani haiingizi maji hata ikizama, maana siku moja itadondoka kwenye maji ya jaruba.

Usishangae pia hiyo ya lumeni 2,000 ikipunguza mwanga yenyewe baada ya dakika chache. Inajikinga na joto, si mbovu. Na ile "saa 6" ya kwenye boksi huhesabiwa hadi mwanga ubaki asilimia 10 ya ulioanza nao, kwa hiyo usiipangie zamu.

Kuchaji: betri imejaa ikifika volti 4.2, na ikishuka chini ya 2.5 usiichaji tena, itupe salama. Ya 3,500 mAh kwenye chaja ya ampia 1 inachukua saa nne hivi, na sola yenye tundu la USB inatosha. Usiichaji juani wala kwenye dashibodi ya gari. Joto likipita nyuzi 45 unaiharibu. Betri ya akiba ibebe kwenye kikasha cha plastiki, kamwe isiwe mfukoni na funguo au sarafu, inaweza kuwaka moto. Zile zenye kinga ya ndani ni ndefu zaidi, zinakaribia milimita 70, kwa hiyo ijaribu kwenye tochi yako kabla ya kulipa.

Kwa majina: Convoy, Sofirn na Wurkkos ni za Kichina, bei si ya kutisha, na wanachoandika hakiko mbali na ukweli. Convoy L21A inatumia 21700 na inapiga mbali, ndiyo ningekushauri. Kama una ndugu anarudi kutoka Dubai au Guangzhou mwagize, ila betri za akiba aziweke kwenye begi la mkononi. Kwenye mzigo wa chini ya ndege haziruhusiwi.

Bajeti ikibana, nunua tochi moja, betri mbili na chaja ya matundu mawili, hayo mengine yatasubiri. Debe la kugonga usiliache nyumbani, maana nguruwe akishazoea mwanga anaendelea kula tu. Ukifika dukani, niandikie hapa maneno na namba zilizoko kwenye ganda la betri, nikuambie kabla hujalipa.